Dodoso Namba 14

Kalamu zilikuwa tatu: ya bluu, nyeusi, na moja ya kijani ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Saa sita usiku ilikuwa inakaribia. Darasa tupu, viti vimesukumwa ukutani, sisi watano tumezunguka meza mbili tulizoziunganisha, na katikati yetu rundo la madodoso ambayo hayajajazwa na mtu yeyote.

"Badilisha kalamu," mwenzangu akaniambia. "Na hiyo 'g' yako nayo ibadilishe, inafanana na ya karatasi ya juu."

Nikabadilisha. Nikaulaza mwandiko kushoto, kama mtu mwenye haraka zake. Swali la nne liliuliza: "Je, kampuni inayotoa misaada kwa jamii unaiamini kuliko isiyotoa?" Nikaweka alama ya vema kwenye "Sina hakika". Sikuwa nimemwazia mtu yeyote asiye na hakika. "Nakubali" zilikuwa zimeshazidi, na katibu wetu alikuwa ametuonya kwamba majibu yakinyooka sana yanatia shaka.

Usiku ule tulijaza 23. Kazi yenyewe ilikuwa ya somo la maadili ya biashara.

Hakuna aliyecheka, na hilo linanishangaza hadi leo. Watu watano, mwaka wa tatu, muhula mzima tunasoma udanganyifu wa kampuni kubwa za dunia, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa akasema: jamani, hebu tujitazame.

## "Tulianza mapema"

Wiki mbili baadaye kazi zilirudishwa. Juu ya yetu, kwa wino mwekundu: "Mwitikio mzuri wa wahojiwa. Sampuli inaridhisha." Madodoso 40 yametolewa, 40 yamerudi. Yeyote aliyewahi kuzunguka na madodoso anajua kuwa 40 kwa 40 ni muujiza. Watu huikimbia karatasi kama wanavyomkimbia mdai. Tulipata A.

Kikundi kilichokaa nyuma yetu kilipata majibu 19. Waliliandika hilo ukurasa wa kwanza bila kuzunguka: tumetoa 40, yamerudi 19, kwa hiyo matokeo haya yasomwe kwa tahadhari. Wakakatwa alama kwa sampuli ndogo.

Kipindi kilipokwisha, mmoja wao akanifuata mlangoni. Hakuwa na shari yoyote, alitaka kujifunza tu. "Hivi nyinyi mliwapataje watu wote wale?"

"Tulianza mapema," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akafungua daftari, akaandika. Aliandika kweli, namwona: kuanza mapema.

Kuhusu madodoso nilikuwa nimeshajisamehe. Wale wahojiwa 23 hawakuwapo, na asiyekuwapo hadhulumiwi; ndivyo nilivyojituliza. Huyu alikuwapo. Alisimama mbele yangu na daftari lake, na muhula ujao angeamka mapema kuliko wote, angezunguka, angerudi na majibu 19.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunisumbua.

## Tulivyomhukumu Ford

Mtihani ulikuja siku chache baada ya hapo, na swali la kwanza lilikuwa lile ambalo kila aliyepita kwenye somo hili anaweza kulikariri akiwa usingizini: gari la Ford Pinto. Tangi la mafuta liko nyuma, gari likigongwa kwa nyuma mafuta yanavuja, moto unawaka. Na ile hesabu maarufu: marekebisho yangegharimu dola 11 kwa kila gari, kwa magari milioni 12.5, jumla dola milioni 137. Upande wa pili, vifo 180 kwa dola 200,000 kila kimoja, pamoja na majeruhi na magari yaliyoungua, jumla dola milioni 49.5. Kwa hiyo acha watu waungue.

Nilijaza kurasa nne. Niliwapa wahandisi wale maneno ambayo sijawahi kumpa mtu yeyote ana kwa ana. Nikamalizia na kanuni ya mwanafalsafa Kant kwamba binadamu asifanywe chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Nilitoka chumba cha mtihani nikijiona mtu safi.

Safi, na wino wa kijani ungali chini ya kucha.

Wiki iliyofuata, kwa kutafuta kitu cha kunitoa mawazoni, nikaingia maktaba kusoma zaidi kuhusu kesi hiyo. Nikakuta kwamba ile hesabu niliyoikariri haikuwa kama nilivyofundishwa. Ulikuwa waraka ulioandaliwa kwa ajili ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kuhusu mafuta kuvuja gari linapopinduka, wala haukuhusu kugongwa kwa nyuma. Yale magari milioni 12.5 hayakuwa Pinto; yalikuwa magari ya kampuni zote nchini humo. Na ile bei ya uhai, dola 200,000, Ford hawakuibuni wao. Ilitoka kwa mamlaka yenyewe.

Sisemi Ford hawakuwa na kosa. Watu waliungua, na mwaka 1978 kampuni iliyarudisha magari milioni 1.5 kuyarekebisha. Kilichonigonga ni kingine: nilikuwa nimehukumu watu kwa ushahidi ambao sikuwahi kuusoma, nikapewa alama, na hakuna aliyeniuliza waraka ule ulisema nini hasa. Mimi mwenyewe nilikuwa dodoso lililojazwa na mtu mwingine.

## Mtu aliyekaa mezani

Katika kusoma huko nikakutana na Dennis Gioia.

Kwenye maelezo ya darasani huyu hakuwamo kabisa. Huko tunasoma "Ford iliamua", kama vile jengo lina kichwa. Gioia alikuwa kijana aliyemaliza shahada ya uzamili ya biashara, mtu wa kizazi cha maandamano ya miaka ya 1960, aliyewaambia wenzake kwamba anaingia kwenye kampuni kubwa ili aibadilishe kutoka ndani. Aliingia Ford mwaka 1972. Mwaka uliofuata alikuwa ndiye mratibu wa kurudisha magari yenye hitilafu. Faili la Pinto lilipita mezani pake. Alipiga kura magari yasirudishwe.

Akaondoka mwaka 1975, akawa mhadhiri, akaanza kufundisha kisa hicho hicho, na mwaka 1992 akaandika makala ya kitaaluma akijichunguza mwenyewe. Swali lake ni moja tu: mtu mwenye misimamo kama yangu, niliwezaje?

Jibu lake ndilo lililonifanya nifunge kompyuta na kwenda kutembea.

Hasemi alishawishiwa, hasemi alitishwa wala hasemi alijua akakausha. Anasema hakuona kwamba hapo pana suala la maadili. Mezani alikuwa na mafaili 100 hivi. Kazi ikamfundisha namna ya kuyasoma: tafuta matukio mengi yanayofanana, tafuta sababu moja ya kiufundi iliyo wazi, visipokuwapo vyote viwili, weka pembeni, vuta faili jingine. Baada ya muda akili ikaenda yenyewe kama miguu inavyojua njia ya nyumbani. Ripoti za Pinto zilikuwa chache, hazikuingia kwenye kielelezo, zikawekwa pembeni. Alikwenda hata kuliona gari lililoungua. Na jambo ambalo hakuna mtunga visa angelithubutu: yeye mwenyewe alikuwa akiendesha Pinto, na akaja akamuuzia dada yake.

Mtu anayejua kwamba anauza jeneza hamuuzii dada yake.

Nilirudia sehemu hiyo mara nyingi. Nilikuwa nikitafuta shetani kwenye kisa hiki, nikakuta mtu aliyechoka mwenye mafaili mengi.

## Kiti ambacho hatukikalii kamwe

Tangu hapo nimeanza kuliangalia somo lenyewe kwa jicho lingine. Angalia maswali yetu ya semina. "Ungekuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni hii, ungefanyaje?" Kila wiki tunakaa kiti hicho. Wiki hii tunaamua kama tufunge kiwanda, wiki ijayo tunarudisha chupa milioni 31 za Tylenol, dawa ya maumivu, kama Johnson & Johnson walivyofanya mwaka 1982 baada ya watu saba kufa kwa vidonge vilivyotiwa sumu. Tunaamua vizuri mno. Darasani sijawahi kumwona mkurugenzi mkuu mwovu.

Ila hakuna kati yetu atakayeanza kazi kwenye kiti hicho. Tutaanza pale anapoanza kila mtu: mezani kwa mtu wa chini, mwenye lengo la mwezi ambalo hakulipanga, na bosi anayesema maneno laini. "Angalia unavyoweza kuliweka sawa." Hakuna bosi anayesema "gushi". Na kwetu pia hakuna aliyelitamka neno hilo. Tulisema "tumalizie".

Kisa kinachostahili muhula mzima, nionavyo mimi, ni cha benki ya Wells Fargo ya Marekani. Sisi tulikipa dakika kumi. Mwaka 2016 ilibainika kwamba wafanyakazi wa matawi walikuwa wamefungua akaunti zaidi ya milioni mbili ambazo huenda wateja hawakuziomba wala kuzijua, nyingine kwa anwani za barua pepe za kubuni. Benki ilikuwa na lengo kwamba kila mteja awe na huduma nane. Ilipigwa faini ya dola milioni 185, na watu wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa muda wa miaka mitano.

5,300. Hao hawawezi wote kuwa wezi wa kuzaliwa. Nikiwaza karani mmoja wa kule, saa kumi na moja jioni, lengo limebaki mawili, anabuni barua pepe ya mteja wake, namjua. Namjua kabisa. Amebadilisha kalamu.

Na tuseme ukweli, hata lengo letu lilipangwa na mtu. Kazi ilitaka majibu 40, na aliyeleta 19 ya kweli alikatwa alama. Sitaki kumbebesha mwalimu mzigo wangu, kalamu nilishika mimi. Lakini ukitaka kufundisha kwa vitendo namna motisha mbovu inavyozaa uongo, huwezi kubuni zoezi zuri kuliko lile.

## Hata Friedman

Kuna siku darasa zima tulimcheka mwanauchumi Milton Friedman. Makala yake ya tarehe 13 Septemba 1970, iliyosema wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida, husomwa kwetu kama hotuba ya mchawi kabla ya kufukuzwa kijijini. Nilicheka na wenzangu.

Nilipoirudia nikaona nilichokiruka. Faida hiyo, anasema, itafutwe kwa kufuata kanuni za msingi za jamii, zile za sheria na zile za desturi za maadili. Bila hila, bila udanganyifu.

Yule tuliyemcheka kwa kuweka kizingiti chini, sisi tulijikwaa kwenye kizingiti hicho hicho.

Nikajaribu pia ramani ya wadau, ile ya Edward Freeman ya mwaka 1984 ambayo sote tunaijua: mdau ni yeyote anayeweza kuathiri lengo la shirika au kuathiriwa nalo. Nikachora duara katikati, nikaandika "A yetu". Nikaanza kuwapanga pembeni. Mwalimu. Kikundi cha 19. Wahojiwa 17 wa kweli, waliosimama wakatupa dakika zao na majibu yao yakamezwa na ya kubuni. Mwanafunzi wa mwakani atakayeonyeshwa kazi yetu kama mfano. Huyu wa mwisho nilikuwa sijamfikiria kabla ya kuchora. Kwa muhula mzima nimeichora ramani hiyo kwa ajili ya kampuni za mafuta na viwanda vya nguo, kwa rula, kwa alama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitumia.

Ukurasa wa pili wa kazi yetu kuna tamko tulilosaini wote watano: "Tunathibitisha kuwa kazi hii ni yetu wenyewe." Na kwa kweli hapo hatukudanganya. Ilikuwa yetu wenyewe, mpaka majibu. Kampuni ya nishati ya Enron, ya Marekani, ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa 64, kilichotolewa mwaka 2000. Desemba 2001 ikafilisika kwa hesabu zilizopikwa. Sisi tulihitaji sentensi moja tu.

## Haraka

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia huko Princeton. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema. Njiani kulikuwa na mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugugumia. Walioambiwa wana muda, 63 kati ya kila 100 walisimama. Walioambiwa wamechelewa, 10. Kuwa na mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Wapo walioelekea kuuhubiri huku wakimruka mtu.

Wanafunzi 40, madodoso 40. Nambari hazina maana yoyote zikikutana hivyo, lakini nilikaa nikizitazama.

Jaribio hilo linaumiza kwa sababu linagusa imani ambayo shahada nzima imejengwa juu yake: kwamba ukimjaza mtu maarifa ya wema, wema utatoka. Mimi nilikuwa nayo maarifa. Usiku ule ningeweza kukufafanulia piramidi ya Archie Carroll ya wajibu wa kampuni kwa jamii, yenye ngazi zake nne, uchumi, sheria, maadili na ufadhili, bila kutazama popote. Niliyajua yote na nikauliza kalamu ya kijani iko wapi.

Je, basi somo halina kazi? Nimelizungusha swali hili wiki nyingi. Nikiwa na hasira nasema halina. Nikitulia nakumbuka kwamba kama nisingelisoma, nisingekosa usingizi. Limenifikia kwa kuchelewa. Huenda ndivyo linavyofanya kazi, kama chanjo inayouma siku ya pili.

Au huenda natafuta sentensi nzuri ya kujitetea. Msomaji ataamua.

## "Tumkamilishie tu"

Kilichonikera kuliko vyote ni kwamba sikuweza kukumbuka nani alianza.

Niliwauliza wenzangu mmoja mmoja. Kila mmoja alidhani ni mwingine. Hakuna aliyedanganya, nadhani. Hakukuwa na kikao wala hoja. Katika kumbukumbu za wote watano, kuna wakati tulikuwa na madodoso 17 na wasiwasi, na kuna wakati yalikuwa 40.

Kisha usiku mmoja nikakumbuka. Dodoso namba 14.

Lilikuwa la mtu wa kweli. Nilimpa mimi. Mama mmoja wa makamo, alijaza kurasa mbili za mwanzo kwa utulivu, kisha simu yake ikaita, akasimama, akanirudishia akisema samahani mwanangu, nina dharura. Ukurasa wa tatu ulibaki mweupe. Maswali sita.

Usiku ule, tulipokuwa tunapanga karatasi, mmoja akasema hili halitahesabiwa, halijakamilika. Nami nikasema: "Tumkamilishie tu. Majibu yake yanaonekana anapoelekea."

Ni mimi. Nilisema mimi.

Na haikuonekana uongo hata chembe. Ilionekana adabu. Mama yule alikuwa amejitolea muda wake, kumtupa nje kungekuwa kumkosea. Nikachukua kalamu ya bluu, aliyotumia yeye, nikaweka vema sita, nikifuata mwelekeo wake. Dodoso lililofuata halikuwa na kitu.

Kwenye visa tunavyosoma mwanzo haupo. Tunakuta jengo limeshaanguka. Aprili 2013, kule Bangladesh, jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza liliporomoka na kuua watu 1,134, na viwanda viwili kati ya vilivyokuwamo vilikuwa vimekaguliwa kwa viwango vya kijamii kabla ya hapo. Ukaguzi huo haukuwa umekusudiwa kupima uimara wa jengo. Mahali fulani zipo karatasi zenye alama za vema zilizosema mambo yanakwenda. Sijilinganishi na kisa hicho, ingekuwa aibu. Ila siku hizi nikiona fomu iliyojazwa vizuri, nauliza nani alishika kalamu.

## Watano

Niliwaambia wenzangu kwamba nataka kwenda kwa mwalimu.

Wawili walinyamaza, kisha wakasema nenda, useme na sisi tumo. Mmoja alisema mtihani umeshapita, matokeo yameshaingia, kwa nini kumwamsha aliyelala. Katibu wetu hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

"Sikiliza, ndugu yangu," alisema. "Mimi nasoma kwa ufadhili. Wastani ukishuka, narudi nyumbani. Wewe unataka kulala usingizi, sawa. Lakini alama hiyo si yako peke yako kuirudisha."

Sina jibu kwa hilo. Nimesoma sura nzima kuhusu wafichua maovu, faida na hasara zao, sheria zinazowalinda, na hakuna ukurasa uliosema nifanye nini pale mtu nitakayemuumiza kwa ukweli ni yule aliyenifundisha takwimu mwaka wa kwanza nilipokuwa nashindwa. Nikifuata nadharia inayopima tendo kwa matokeo yake, ananyamazisha hoja yangu. Nikifuata wajibu, namponda yeye ili mimi niwe safi. Nikifuata fadhila, nauliza mtu mwema angefanyaje, na mtu mwema asingekuwa kwenye chumba kile.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia. Sehemu ya haja yangu ya kwenda haikuwa haki ya kile kikundi cha 19. Ilikuwa nataka kuwa mtu aliyekwenda. Nilishaanza hata kuiona makala hii kichwani. Hilo nalo nikaliweka mizanini, na sijui lilipima upande gani.

Nilisubiri siku tisa. Nikaenda.

## Ofisini

Mwalimu hakushtuka, au alishtuka akaficha. Alifunga mlango, akanipa kiti, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilimwambia kuhusu ufadhili wa mwenzetu pia, nikaomba kama kuna namna yoyote hilo lizingatiwe. Akasema hawezi kuniahidi kitu. Akasema kuna utaratibu, na utaratibu unaanza na maelezo ya maandishi.

Nikamwambia pia kuhusu kikundi kilicholeta majibu 19. Hapo alikaa kimya kidogo. Akavua miwani, akaiweka mezani. "Wale niliwakata alama," akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

Akanisogezea karatasi. "Andika mlifanya nini, nani, lini. Na uandike idadi kamili ya madodoso ambayo hayakujazwa na wahojiwa."

Kwenye meza yake kulikuwa na kazi yetu, na madodoso yote 40 yameshikizwa nyuma kama kiambatisho. Akayafungua, akanisogezea na hayo, nihesabu kwa macho yangu. Nilipitisha moja moja. Wino wa kijani. Mweusi. Mwandiko uliolala kushoto. Namba 14 ilipofika, kurasa mbili za mwanzo zilikuwa za mama yule, mwandiko wa mviringo wa mtu aliyefundishwa kuandika zamani. Ukurasa wa tatu ulikuwa na vema sita za bluu, ya bluu ile ile. Vema ni vema. Huwezi kujua mkono. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani.

Nilikuwa nimeshaandika 23.

Nikaikata kwa mstari mmoja, nikaandika 24.